Sufuria Ninazo: Bi. Sikudhani wa Mkandaani na Saa ya Watu wa Anga

Bi. Sikudhani Mudrick ameitumikia kampuni yetu ya ndege kwa miaka thelathini na mmoja, na amestaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu akiwa na meno yake yote isipokuwa mawili, ambayo anasema aliyaacha kwao Salale kwa hiari yake. Muda wote huo alikuwa mtunza kiwanja cha ndege cha Mkandaani, kile kipande cha ardhi kilichonyooka kati ya mikorosho ya Mtunda na mwanzo wa mikoko. Wageni wakikiona kutoka juu humuuliza rubani kama ndicho chenyewe au ni njia ya ng'ombe.

Uongozi uliponiita niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, Meneja aliniuliza kama nitaweza kumwandika mama huyu kwa heshima. Nikamjibu kwamba haiwezekani. Yeye ni Mndengereko wa delta, mimi Mmatumbi wa milimani, na sisi ni watani. Mtani akikusifu moja kwa moja, watu huanza kuulizana umefariki lini. Kwa hiyo msomaji ukikuta hapa maneno ya kejeli, ujue ndiyo heshima yenyewe, nyingine sina.

Bi. Sikudhani alizaliwa Salale, ambako mtu akitaka kwenda kwa jirani kuomba chumvi anapanda mtumbwi. Alikuja Mtunda kwa kuolewa, na kwa mara ya kwanza maishani akaona nyumba ambazo maji hayazifuati mlangoni. Kampuni ilimwajiri kufyeka nyasi za kiwanja msimu wa masika tu. Masika yakaisha, hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke, naye hakuuliza. Kwa namna hiyo akawa mfanyakazi wa kudumu. Wengine humu mna vyeti, na mpaka leo mnasubiri mikataba.

Kwa ambao hamjafika Mkandaani, kazi ya mtunza kiwanja ni hii. Asubuhi anatembea njia ya kurukia ndege kuanzia mwanzo hadi mwisho, peku, akikanyaga kwa kisigino kutafuta palipolainika. Anafukia mashimo ya nguchiro. Anatoa ng'ombe wa wafugaji, ngedere, watoto wa shule wanaokata njia, na zaidi ya vyote mbuzi. Mbuzi wa Mtunda wanapenda kulala katikati ya njia ya kurukia kwa sababu pana upepo na hapana siafu, na kusema kweli hata mimi ningekuwa mbuzi ningelala hapohapo.

Soksi ya upepo iliyoletwa kutoka Dar es Salaam, ile inayomwonyesha rubani upepo unakoelekea, ilichanika mapema sana. Tukaomba nyingine, tukaahidiwa. Bi. Sikudhani hakungoja ahadi, akashona ya kanga, akaipandisha mlingotini. Kanga yenyewe aliinunua zamani kumsuta mke mwenza, na maneno yake yalisomeka vizuri ikijaa upepo. Rubani mmoja mgeni aliyanakili kwenye karatasi zake akidhani ni jina la kiwanja. Mke mwenza alipopata habari kwamba anasutwa mpaka angani, alihamia Ikwiriri.

Kisha akakabidhiwa redio. Maelekezo yalikuwa aseme mambo mawili tu, upepo unatoka wapi na kiwanja kiko wazi au hakiko. Aliyasema, ila baada ya salamu. Marubani wapya walipata tabu. Unamsikia mtu anaomba, "Mama, nipe upepo, niko juu ya Bungu," na yeye anamjibu kwa utulivu, "Upepo upo, haujaenda mahali. Nyumbani hawajambo?" Rubani aliyegoma kujibu alizunguka juu mpaka adabu ikamrudia.

Mwaka ule mto ulipofura, maji yakafunika mashamba mpaka Chumbi, barabara ikakatika na dawa zikawa zinakuja kwa ndege tu. Kiwanja chetu nacho kilikuwa nusu bwawa, na kutoka juu pakavu na pabichi vilifanana. Bi. Sikudhani alipita nyumba kwa nyumba akaazima mikeka, akaitandika kwenye kingo za sehemu iliyobaki ngumu, akaikandamiza kwa mawe. Ndege ikashuka katikati ya mikeka kama bwana harusi. Tatizo ni kwamba ilipoondoka, upepo wa mapangaboi yake ukaing'oa ile mikeka na kuipeleka mikokoni, mingine haikuonekana tena. Mwaka mzima uliofuata mama huyu alikaa bandani akisuka ukili na kuwalipa wenyewe mkeka mmoja mmoja. Wa mke wangu bado, na ninaandika hapa ili iwe kumbukumbu.

Hayo ni mafanikio. Sasa niseme lililokuwa linamkera.

Pale Mtunda, ukimuuliza mtu Bi. Sikudhani anafanya kazi gani, atakwambia anafukuza mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Lakini siku walipokuja kumposa binti yake, mshenga wa upande wa pili, mzee mmoja wa Bungu mwenye koti kubwa kuliko yeye, aliulizwa na wenzake mama wa binti ni nani, akajibu kwa sauti, "Yule mfukuza mbuzi wa uwanjani." Watu wakacheka, Bi. Sikudhani akacheka nao, kisha nikaona sahani yake ya pilau amemsogezea jirani. Mimi namjua kwa chakula. Huyu si mtu wa kusogeza pilau.

Na kazini kwetu nako hakukumsaidia. Kampuni ina desturi ya zamani, hakuna anayejua aliyeianzisha. Watu wa anga, yaani marubani na mafundi wa ndege, wakistaafu hupewa saa ya mkononi ya kirubani, ya kifahari, ya kurithisha watoto. Watu wa chini, yaani sisi wa mapipa ya mafuta, mizigo, usafi na nyasi, hupewa seti ya sufuria. Si kwamba sufuria ni mbaya. Lakini ukipewa sufuria umeambiwa uende jikoni, na ukipewa saa umeambiwa ulikuwa mwenzetu.

Miezi michache kabla ya kustaafu kwake tulikuwa bandani tunasubiri ndege, yeye anasuka, mimi namsumbua. Nikamwambia sufuria zake zikija anikumbuke kwa ukoko. Hakuinua macho kwenye ukili. Akasema, "Mtani, sufuria ninazo."

Basi.  Nikaenda moja kwa moja kwa Kapteni Shaban, rubani wetu wa siku nyingi, nikamweleza. Kapteni akasema, "Kwa hiyo tumekuwa tukimwachia yeye aamue kama tunatua, halafu tunampa sufuria." Akawaambia marubani wenzake, wakachanga. Meneja akaridhia, ila akataka jambo liwe siri mpaka siku ya sherehe. Ikaundwa kamati ya watu watatu ya kwenda Dar kuchagua saa: Kapteni Shaban kwa kuwa anazijua saa za marubani, Nasra wa uhasibu kwa kuwa anajua kusema hapana, na mimi kwa kuwa nilidai naujua mkono wa mstaafu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siujui. Ikabidi niupime. Nilimvizia mchana amejilaza mkekani bandani, nikachukua uzi, nikauzungusha kwenye kifundo cha mkono taratibu kama namfunga kuku wa watu. Akafumbua jicho moja.

"Unanipima sanda, Mmatumbi wewe?"

"Sanda hupimwa urefu," nikamwambia. "Mimi nimepima mkono."

"Basi umeanza na mkono."

Jioni Mtunda nzima ilikuwa na habari kwamba mimi, Bushiri wa mapipa, nampima mtu sanda angali hai. Imamu alinisimamisha baada ya swala akaniuliza kama niko sawa. Nikanyamaza, kwa sababu siri ni siri, na uzi ulikuwa mfukoni.

Duka lenyewe liko Posta. Mlango haufunguki mpaka mtu wa ndani akutazame kwanza, na sisi alitutazama kwa muda. Saa za kifahari, kwa msiojua, hazining'inii ukutani. Zinalazwa kwenye vijimto kama watoto wachanga. Dada wa kutuhudumia aliitwa Muzdalifa, mpole, amevaa glavu nyeupe kama anayekwenda kuosha maiti, na kila saa aliyoigusa aliitaja jina na ukoo wake.

Akatuletea kwanza saa yenye mishale ya majira mawili, ya mtu anayeruka nchi hadi nchi. Ukiwa huku unaona na saa za kule. Kapteni akamuuliza mstaafu wetu atakuwa anakwenda wapi na wapi. Nikasema Mtunda na Salale. Muzdalifa akauliza kama majira ya huko yanatofautiana. Nikamwambia yanatofautiana sana, Salale bado hawajamaliza mwaka juzi. Alicheka, na tangu hapo akaacha kutaja koo za saa.

Ya pili ilikuwa na pete ya kuzunguka na namba nyingi pembeni, ndogo ndogo, kama kalenda ya msikitini. Kapteni akaeleza kwamba zamani rubani aliitumia kukokotoa mafuta na mwendo. Alianza kutuonyesha, akazungusha pete, akakunja uso, akazungusha tena. Akafika Mombasa na mafuta hasi. Tukairudisha.

Nasra alikuwa ameshapata yake. Saa ya kike, ndogo, ya dhahabu, uso wa rangi ya lulu, na mahali pa namba pamewekwa vijiwe vinavyometameta. Nzuri, sisemi uongo. "Huyu ni mwanamke jamani," akasema. "Ataivaa harusini."

"Ataivaa kwenye mvua," akasema Kapteni.

"Akistaafu anafuata nini kwenye mvua?"

"Wewe humjui."

Walibishana pale mpaka Muzdalifa akawaletea maji ya kunywa. Mwisho Nasra aliivaa mwenyewe ile saa ndogo, akaninyooshea mkono, akaniambia, "Babu, niambie ni saa ngapi." Nikamwambia naona vijiwe. Akajitazama mwenyewe, kisha akaivua. Akasema jambo ambalo sisi wazee wawili hatukuwa tumelisema. "Bibi hataki saa ya kike wala ya kiume. Anataka saa ambayo mtu wa Bungu akiiona hawezi kutaja mbuzi."

Hapo ndipo tukajua tunanunua nini.

Kapteni akaomba saa ya kirubani ya kale, ile ya asili, isiyo na mbwembwe. Ikaletwa. Uso mweusi kama chungu, namba nyeupe kubwa, mishale minene, na pale juu pembetatu ili rubani aliyechoka ajue juu ni wapi. Ubavuni ina kichwa kikubwa cha kutia ufunguo, kimetuna, wenyewe wanakiita kitunguu. Muzdalifa akatueleza kwamba marubani wa zamani walivaa glavu nene kwa baridi ya huko juu, kwa hiyo kitunguu kilitengenezwa kikubwa wakishike bila kuvua glavu. Nikasema mstaafu wetu hana glavu, ila vidole vyake vimevimba vifundo kwa kusuka ukili, na kitu kikubwa cha kushika ndicho anachokihitaji. Kwa mara ya kwanza kamati ilikubaliana.

Kapteni akaivaa. Ilikuwa na mkanda wa ngozi ya kahawia wenye misumari ya shaba, na alipojitazama kwenye kioo alivuta tumbo ndani. Tulikuwa tumetembea juani kutoka kituoni, mkono unamtoka jasho. Nasra, ambaye hamwamini mtu, akauliza hiyo ni ngozi ya nini. Muzdalifa akasema ya juu ni ya ng'ombe. Nasra akauliza na ya ndani. Muzdalifa akaingia nyuma kumuuliza bosi wake, akarudi anatembea polepole. Ya ndani ilikuwa ya nguruwe.

Sijawahi kumwona Kapteni Shaban akivua kitu haraka namna ile, na nimemwona akivua kofia yenye nyigu. Sisi watu wa pwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na nguruwe akikugusa na unyevu hasafishwi kwa sabuni. Ni maji mara saba, mojawapo na udongo. Maji dukani yalikuwepo. Udongo, katikati ya Posta, kwenye lami na vigae, utaupata wapi? Akautafuta mpaka akauona kwenye chungu cha maua mbele ya hoteli moja. Watu wakamshuhudia rubani mzima, sare nyeupe, mabega yana mistari, amechuchumaa anachota udongo chini ya waridi. Mlinzi akamfuata akamuuliza, "Kapteni, kuna nini?" Akajibu, "Dini." Mlinzi akamletea ndoo.

Tuliporudi mle ndani Muzdalifa alikuwa ameshaitoa ile ngozi na kuitia saa mkanda wa chuma, wa pingili, unaofunguka kwa kubonyeza, hauogopi maji ya chumvi na unavulika upesi mtu akitaka kutawadha. Likabaki swali moja, macho. Bi. Sikudhani haoni vizuri, na miwani anasema ni ya walimu. Mimi mwenzake ndiye niliyetumika kama kipimo. Nikavua miwani, nikasimama mlangoni, Nasra akainyanyua saa kutoka kaunta. Niliisoma kama ninavyosoma jua. Kisha Muzdalifa akataka tuone namba zinavyowaka gizani, sote wanne tukainamisha vichwa juu ya saa moja tukaiziba kwa viganja. Mteja aliyeingia wakati huo alidhani tunasoma dua, akangoja tumalize.

Bei siiandiki, mke wangu analisoma jarida hili.

Nikatoa uzi mfukoni. Muzdalifa akapunguza pingili kuufuata uzi, lakini pini moja ilikuwa na kasoro, akaomba saa ibaki aitengeneze. Tukakubaliana Kapteni aichukue asubuhi ya sherehe aje nayo kwa ndege.

Na siku ya sherehe mvua ikanyesha Dar.

Banda la abiria la Mkandaani lilikuwa limejaa. Wafanyakazi, wanakijiji, binti wa Bi. Sikudhani na mumewe, na kwenye mstari wa mbele yule mshenga wa Bungu ndani ya koti lake. Bi. Sikudhani amevaa gauni jipya la kitenge na viatu vya kisigino vinavyomtesa. Ndege ilikuwa haijaonekana. Ubwabwa unapoa, Meneja ana kikao Kibiti, akaamua shughuli ianze na zawadi itakuja. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni Fikirini wa stoo. Siri ilitunzwa vizuri kiasi kwamba Fikirini hakuambiwa. Akafanya anachofanya siku zote mfanyakazi wa chini anapostaafu. Mshereheshaji aliposema neno zawadi, Fikirini akaingia akitabasamu na seti ya sufuria, imefungwa nailoni, ina ua jekundu juu.

Watu wakapiga makofi. Meneja akanitazama, mimi nikamtazama Nasra, Nasra akatazama mawingu. Bi. Sikudhani akasimama, akazipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema ahsante. Aliisema kwa sauti ileile anayomwambia rubani arudi Dar, kiwanja hakifai. Yule mshenga akamwinamia mwenzake akasema, "Za kupikia mbuzi hizo." Alidhani amenong'ona.

Ndipo redio ikalia. Alikuwa nayo Mwanaamina, mama wa makamo tuliyemwajiri kushika nafasi yake, na ilikuwa siku yake ya kwanza. Tukasikia sauti ya Kapteni: "Mkandaani, nimefika. Lakini mbona naona mkutano wa mbuzi katikati ya njia?"

Hakika, sote tulikuwa bandani na kiwanja kilikuwa hakina mtu. Mbuzi walikuwa wamelala safu kwa safu. Mwanaamina akasimama na redio, akasema, "Bibi, nimwambie nini?"

Bi. Sikudhani aliinama. Alivua viatu. Akachana nailoni, akatoa sufuria kubwa kuliko zote na mfuniko wake, akatoka. Aliyemwona siku ile hatasahau. Alipita katikati ya kile kiwanja peku na gauni jipya, anagonga sufuria, anawaita wale mbuzi kwa majina ya wenyewe wao, "Toka, wewe wa Kondo. Na wewe wa imamu, huna haya." Mbuzi wa Mtunda wanamjua kuliko wanavyowajua wenye mali. Wakainuka. Akaenda mpaka mwisho, akarudi, anakanyaga kwa kisigino maana usiku kulikuwa na mvua, akasimama ukingoni, akampungia Mwanaamina amletee redio.

"Kapteni, asalaam aleikum. Tua upande wa mikorosho, huku kwa mikoko pamelainika. Upepo unatoka baharini. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mama. Natua."

Akatua. Akashuka na kijisanduku cheusi, akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa amesimama Bi. Sikudhani, sufuria bado iko mkononi, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Kapteni Shaban si msemaji. Alifungua sanduku, akawageukia watu, akasema, "Kampuni yetu watu wa anga huwapa saa. Kama huyu si mtu wa anga, basi na mimi leo nimekuja kwa miguu." Akamvisha. Pingili zikafunga, tak.

Bi. Sikudhani akautazama mkono wake. Akautazama uzi mweupe uliokuwa bado umening'inia kwenye mfuko wa shati langu, akanitazama mimi. "Kumbe ndiyo sanda yenyewe," akasema. Tukarudi bandani. Yule mshenga alisimama kumpisha njia. Kisha hakuweza kujizuia, akaushika ule mkono kwa adabu, akainama akiitazama saa, akauliza, "Hii nzito hivi, shemeji, umeipata wapi?"

"Kazini," akasema Bi. Sikudhani, akakaa, akala pilau na ubwabwa vyote viwili.

Kuhusu sufuria. Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake mbele za watu, na mwenyewe haruhusiwi kukasirika, anatakiwa akigomboe. Nilizibeba zote, pamoja na ile iliyobonyea, nikamwambia agomboe. Akasema nizichukue tu, na maji ya kunawia ataniongezea. Sasa ziko jikoni kwa wafanyakazi, na chai inachemka vizuri zaidi kwenye ile yenye vibonyeo. Meneja naye ametangaza kwamba kuanzia sasa anayestaafu ataulizwa kwanza, awe wa juu au wa chini. Fikirini wa stoo ameomba naye awe anaambiwa mambo.

Bi. Sikudhani anarudi Salale, kwenye mpunga wa mama yake, na binti yake anasema atakuwa anakwenda huko kila likizo. Juzi nilikutana na mama mwenyewe gulioni Kibiti akinunua mbegu. Mvua inanyunyiza, na yeye amekunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Muuza vitunguu akamuuliza saa. Akanyoosha mkono, akaisoma bila miwani, akamwambia. Halafu akaangalia juu, akamwambia na upepo unakotoka, na kwamba mawingu yale hayana neno, anaweza kwenda.

Bi. Sikudhani, kampuni nzima inakushukuru kwa kila ndege iliyofika chini salama na kila abiria aliyeshuka akilalamika vumbi bila kujua kilichofanyika kabla hajafika. Nenda kwa amani, mtani. Mungu akupe afya, mpunga wa kujaza ghala na wajukuu wenye kelele, na viboko wa Salale waijue sauti yako mapema, itawapunguzia usumbufu.

Bushiri, mapipa ya mafuta
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mkandaani